Laini ya sita

Usiku mmoja wa Februari nilitoka uani saa nane kwenda kufunga bomba nililodhani nimeliacha wazi. Nikamkuta mtoto wa marehemu kaka yangu amekaa kwenye ngazi ya chumba chake, kifua wazi, anajipepea kwa kipande cha boksi la biskuti. Chumbani giza. Nilipochungulia niliona feni imesimama, na waya wake umechomolewa ukutani, umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa uzi, kama waya wa kitu kinachorudishwa dukani.

"Baba, mbona hulali?"

Namwita baba kwa sababu amebeba jina la baba yangu mzazi. Alinyanyuka haraka.

"Shikamoo shangazi. Nimetoka kupunga upepo tu."

"Marahaba. Na feni je?"

"Ipo shangazi. Nimeipumzisha."

Anayeijua Februari ya Dar es Salaam anajua kwamba feni haipumzishwi. Nilisimama pale kidogo, nikasema haya, nikarudi ndani. Sikulala tena.

Sikulala kwa sababu siku tatu kabla, mezani, watu wote wakiwa wanakula, nilikuwa nimesema: "Tangu mwezi wa kwanza umeme wa nyumba hii haukai. Kuna mtu anawasha vitu usiku kucha." Sikutaja jina. Nyumba nzima ilijua namsema nani, na yeye alijua kabla ya wote, maana aliacha kutafuna.

## Uniti 84

Sisi hatumo kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi kushuka chini. Kila uniti, yaani wati 1,000 zikitumika saa nzima, inatutoka kwa shilingi 356 na senti zake, kodi na tozo zikiwa ndani. Kwa hiyo elfu 30 inatupa uniti 84, pungufu kidogo ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi, kodi ya jengo ikishachukua chake.

Miaka yote uniti hizo zilitusogeza wiki mbili. Januari zikaanza kutuishia siku ya tisa, mara nyingine ya nane. Rimoti ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikawa inalia katikati ya wiki, na mimi nikawa ninalia nayo.

Mtoto huyu wa kaka alikuja kutoka Tabora wiki ya kwanza ya Januari, kuanza mafunzo ya ufundi magari. Tulimpa chumba cha nje, kile kilichokuwa stoo. Kabla yake, uniti zilitosha. Baada yake, hazitoshi. Ungenishika wakati ule ukaniambia nithibitishe, ningekuonyesha kalenda.

Na alikuwa na nini chumbani? Feni ya mezani, taa moja, chaja ya simu.

Mume wangu haogi maji ya baridi hata joto liwe la namna gani. Heta yetu ya bafuni inavuta wati 4,500, na anaiwasha kila alfajiri na kila jioni. Sikuwahi kumtazama kwa jicho lile. Wala binti yangu, ambaye ana pasi ya nywele na dramu la nguo za kupiga pasi kila Jumapili. Jicho lilikwenda moja kwa moja kwa mgeni, kwa asiyeweza kunijibu.

Hilo ndilo lililonitafuna wiki zilizofuata. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kalenda.

## Mita inajua nyumba, haijui vyumba

LUKU inakupa namba moja: zimebaki ngapi. Ukiitazama asubuhi na ukaitazama jioni utajua nyumba imekula uniti ngapi, basi. Nani kala, na saa ngapi, haisemi.

Nilianza na daftari. Nikawa nazima vitu kimoja kimoja na kutazama rimoti, nikachoka siku ya tatu. Huwezi kuzima friji la watu saa sita nzima ili upate jibu. Ndipo mfanyakazi mwenzangu mmoja, aliyewahi kufunga kifaa cha kupima umeme dukani kwake, akaniambia kuna aina inayopima kila sakiti peke yake. Nikakiagiza kupitia wakala Kariakoo.

Chenyewe ni kiboksi kidogo chenye nyaya saba, na mwisho wa kila waya kuna klampu, mfano wa kibanio cha nguo lakini cha mviringo. Klampu inafungwa kuuzunguka waya wa umeme bila kuukata wala kuuchubua. Umeme ukipita kwenye waya unatengeneza sumaku kuuzunguka, na koili iliyo ndani ya klampu inaihisi sumaku ile na kuigeuza kuwa namba. Kiboksi nacho kinachukua volti kutoka kwenye breka moja, ili kipate wati za kweli. Hili ni muhimu. Kuna vifaa vya bei chee vinavyopima ampia tu, kisha vinazidisha mara 230 bila kujua volti za kwako ziko ngapi. Kwetu jioni volti hushuka, na mota za friji na pampu zina tabia yake, zinavuta ampia nyingi kuliko kazi zinayoifanya. Kwenye mota kifaa cha namna hiyo kitakudanganya.

Fundi alikuja Jumamosi. Upande wa mita hakugusa. Ile ni mali ya shirika la umeme na ina lakiri yake. Kazi yote ilifanyika kwenye boksi la breka, upande wetu, na alinionya kwamba hata baada ya kuzima mein swichi, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina moto, nisije siku moja nikafungua mwenyewe kwa kujiamini.

Tukazipa laini namba. Ya kwanza taa. Ya pili soketi za sebuleni na vyumbani. Ya tatu jikoni. Ya nne heta. Ya tano pampu ya maji. Ya sita chumba cha nje. Ya saba ni waya mkuu, unaobeba jumla.

Wakati anafunga niligundua jambo ambalo sikulipa uzito siku ile. Laini ya kwanza ni taa za nyumba nzima. Ya pili ni vyumba vitatu na sebule. Ukitazama namba ya laini ya pili huwezi kusema ni binti yangu au ni televisheni au ni mimi. Lakini chumba cha nje kilijengwa baadaye, kikavutiwa waya wake na breka yake.

Kati ya laini zote saba, moja tu ilikuwa mtu.

## Sifuri

Jumapili, laini ya sita ilisoma sifuri kutwa. Usiku, sifuri. Jumatatu, sifuri.

Nilikuwa ofisini nikitazama ile sifuri kwenye simu, na koo likanikaba. Nikasema mtoto huyu amezima hata taa. Anakaa gizani kwa ajili ya maneno yangu. Nilitamani kumpigia, nikashindwa nitaanzia wapi. Nikamnunulia ndizi mbivu njiani, kama kwamba ndizi zinasema kitu.

Jioni nilipopita nje ya chumba chake, taa ilikuwa inawaka.

Nikasimama pale na simu mkononi. Dirishani mwanga, kwenye simu sifuri. Nikampigia fundi.

Alikuja, akafungua boksi, akacheka kidogo, akaniomba radhi. Kwenye zile laini nyingine klampu alizifunga kwenye waya wa laivu peke yake, unapotoka kwenye breka. Ile ya chumba cha nje, kwa sababu waya wake umebanana kwenye kona, aliizungushia kebo nzima, laivu unaoleta umeme na nyutro unaourudisha, pamoja. Umeme unaokwenda na umeme unaorudi ni sawasawa, unapita pande mbili zilizo kinyume, na sumaku ya huu inaifuta sumaku ya ule. Klampu inasema hakuna kitu. Akanieleza kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye breka ya kukata umeme unaovuja: inazitazama nyaya zote mbili kwa pamoja, na siku zisipofutana, maana yake umeme fulani umepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu, na inakata papo hapo.

Akaihamisha. Namba ikaruka hadi 11. Taa na chaja ya simu.

Nimelifikiria sana kosa lile. Siku mbili nzima namba ya uongo ilinifanya nimhurumie, na wiki sita kabla yake kalenda ya kweli ilinifanya nimwonee.

## Jikoni hapalali

Jibu lilipatikana usiku wa nne, na lilipatikana kwa kutazama saa ambazo kila mtu amelala.

Nikikushauri kitu kimoja kuhusu vifaa hivi, ni hicho. Mchana namba zinaruka na huambulii kitu, birika linapanda na kushuka, blenda inalia, mtu anapiga pasi. Usiku wa manane nyumba inatulia, na kile kisichotulia kinaonekana.

Laini ya tano, ya pampu, ilikuwa na vijisindano. Kila baada ya dakika sita pampu inaamka sekunde ishirini, inalala. Hakuna mtu anayeoga saa tisa usiku. Lilikuwa boya la tangi la choo, limechoka, maji yanachuruzika taratibu bila sauti na pampu inayafidia. Kama uniti moja kwa siku. Boya jipya likamaliza habari hiyo.

Laini ya tatu, ya jikoni, ilikuwa jambo lingine. Friji nilitegemea kuliona linapanda na kushuka, na kweli lilikuwa linapanda na kushuka. Ila chini yake palikuwa na sakafu. Wati 180, bapa kabisa, saa saba, saa nane, saa tisa, saa kumi. Friji lilikuwa linacheza juu ya sakafu hiyo kama mtoto juu ya jamvi.

Nilitoka kitandani na tochi. Nikalichomoa friji: sakafu ipo. Nikachomoa maikrowevu: ipo. Nikasimama jikoni nikijiuliza kuna nini kingine kwenye laini hii, na ndipo nikasikia mngurumo kutoka baraza ya nyuma.

Friza langu.

Mimi nina biashara ndogo ya barafu za ubuyu na juisi, nauzia maduka matatu ya mtaani. Friza lile lilikuwa ndani ya stoo miaka minne, kivulini. Wiki ya kwanza ya Januari tulilitoa ili mtoto apate pa kulala, tukaliweka baraza ya nyuma, inayopigwa na jua la magharibi tangu saa nane mchana hadi linazama. Lilitolewa na vijana wawili kwa kupitishwa ubavu mlangoni, na mpira wa mlango ukachanika kwenye kona ya chini. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeubandika kwa gundi na kuusahau.

Nikauweka mkono pale kwenye kona. Hewa ya baridi ilikuwa inatoka kama pumzi ya mtu.

Friza lisilo na kasoro hufanya kazi, likatosheka, likapumzika. Hili halikuwa limepumzika tangu Januari. Wati 180 kwa saa 24 ni uniti 4.3. Ni shilingi 1,540 kwa siku, elfu 46 kwa mwezi, zaidi ya faida niliyokuwa naipata kwenye barafu zenyewe.

Kwa hiyo kalenda haikukosea tarehe. Uniti zilianza kukimbia wiki aliyokuja, na kuja kwake ndiko kulikolitoa friza kivulini. Nilichokosea ni mtu.

Sikuwahi kulishuku. Ni mali yangu, inaniingizia, na kitu kinachokuingizia hukitazami kama kitu kinachokula.

Alfajiri ile, kabla hata ya kupiga mswaki, nilikokotoa feni. Feni yake inavuta wati 50 hivi. Awashe kwa muda wa saa tisa, usiku kucha, ni uniti 0.45. Shilingi 160, chini ya bei ya andazi moja. Dakika kumi za heta ya mume wangu ni uniti 0.75. Mtoto alikuwa anakaa ngazini na kipande cha boksi kwa ajili ya shilingi 160.

Nilimwomba radhi jioni mezani, mbele ya walewale walionisikia mwanzo. Nikawaonyesha simu. Akasema, "Yameisha shangazi," akainamisha kichwa. Baada ya chakula nilikwenda chumbani kwake, nikaufungua ule uzi kwenye waya wa feni, nikaichomeka mwenyewe.

Mpira mpya, friza likarudishwa kivulini upande wa mashariki, mgongo wake ukasafishwa vumbi. Uniti 84 zikarudi kutufikisha siku ya kumi na tatu.

Hapo ndipo ningeweza kuishia, na ningekuwa na makala fupi ya kufurahisha kuhusu mipira ya friza.

## Saa nane

Nilikuwa na mazoea ya kuamka usiku na kuangalia sakafu ya jikoni. Zilipita siku kadhaa tangu tumalize friza, na sikuwa na sababu tena, lakini mkono umeshazoea. Usiku mmoja nikaona laini ya sita imeshuka.

Saa nne usiku ilikuwa 48, feni inafanya kazi. Saa nane na dakika chache ikawa sifuri. Saa kumi kasoro ikarudi 48.

Nikadhani umeme umekatika upande ule. Laini nyingine zilikuwa nzima. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za kifaa: jana yake vilevile, juzi vilevile. Usiku tisa mfululizo tangu nilipoichomeka feni. Ungeweza kurekebishia saa yako.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba bado ananiogopa, anajipimia, feni nusu usiku. Liliniuma, lakini lilikuwa wazo rahisi, kwa sababu lilikuwa bado linanihusu mimi.

Usiku wa kumi nilisogeza pazia. Alikuwa amekaa ngazini. Masika yalikuwa yameanza, mvua imetoka kunyesha, upepo wa baridi. Hakuwa na kipande cha boksi. Alikuwa amekaa tu, mikono katikati ya magoti, anatazama ukuta wa jirani.

Kumbe ule usiku wa Februari hakutoka kwa sababu ya joto peke yake. Wiki nane nilikuwa nimebeba picha ile kama ushahidi wa ubaya wangu, na picha yenyewe sikuwa nimeielewa.

Nilirudisha pazia. Nikatambua kwamba nimemchungulia mara mbili, kwa dirisha na kwa waya, na kwamba ile ya waya nilikuwa naifanya kila usiku.

## Alichokiona mtu wa Marekani

Siku zile nilisoma sana kuhusu vifaa hivi, pengine nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba sikufanya kosa. Nikakutana na habari za George Hart, mtafiti aliyekuwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1980. Yeye hakuhitaji klampu saba. Alibuni njia ya kukaa kwenye waya mkuu mmoja tu, nje ya nyumba, na kwa kutazama namna wati zinavyopanda na kushuka akatambua hili ni friji, hili ni heta, hii ni pampu, kila kitu kina mruko wake. Utafiti mwingi uliofuata katika fani hiyo umesimama juu ya kazi yake.

Kilichonigusa ni kwamba mwaka 1989, kabla fani haijapata hata jina kubwa, mtu huyohuyo aliandika makala ya tahadhari kwamba njia hii inaweza kugeuka ukaguzi wa maisha ya watu. Ukijua taa, jiko na maji ya moto ya mtu, unajua anaamka saa ngapi, yuko na nani, lini hayupo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2009, Seneti ya Uholanzi ilikataa sheria ya kulazimisha kila nyumba iwe na mita ya kisasa inayotuma taarifa, na sababu kubwa ilikuwa hiyo, faragha ya watu majumbani mwao.

Wote hao walikuwa wanawaza juu ya shirika au serikali inayoitazama nyumba kutoka nje. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa shangazi. Sikuona popote palipoandikwa kuhusu shangazi.

Nilikuwa na njia nyepesi. Ningeweza kuamka saa nane na dakika kumi, nikatoka na kikombe cha chai kama mtu aliyekosa usingizi, nikasema "loo, kumbe uko hapa," nikakaa naye. Angefarijika, na asingejua kamwe kwamba nilijua. Nilikaribia kufanya hivyo. Maji niliyachemsha kabisa.

Nikayaacha yakapoa. Nilishamshtaki bila kumwambia nilikuwa namtazama kwa ushahidi gani. Nisingeweza tena na kumbembeleza kwa hila.

## Ngazini

Jumapili jioni nilimkuta anafua. Nikamwomba akae, nikakaa naye kwenye ileile ngazi, nikampa simu.

"Hii ni nini shangazi?"

"Ni waya wa chumba chako. Hapa juu ni feni inawaka. Hapa inazima, saa nane. Hapa inarudi."

Aliitazama muda mrefu. Akavuta kwa kidole kurudi nyuma, siku baada ya siku, kile kishimo kilekile katikati ya usiku.

"Hii ni mimi," akasema.

"Ndiyo baba."

"Tangu lini unaona?"

"Tangu wiki mbili. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza."

Alinirudishia simu. Nilidhani atanyanyuka aende zake, na ningemwelewa. Akakaa. Akaanza kuchuna povu lililokauka kwenye mkono.

"Saa nane ilikuwa zamu yangu ya kumgeuza baba," akasema. "Mama anakuwa naye mpaka saa nane, halafu ananiamsha mimi, mpaka saa kumi. Asipogeuzwa mgongo unachubuka. Sasa nikifika saa nane naamka tu. Nazima feni ili nisikie."

"Usikie nini?"

"Sijui shangazi. Nilikuwa nazima ili nisikie kama anapumua."

Kaka yangu alilala kitandani miezi minane kabla ya kuondoka. Katika miezi hiyo minane mimi nilikwenda Tabora mara mbili. Nilituma hela, nilipiga simu kila Ijumaa, niliuliza anakula, niliuliza dawa zipo. Sikuwahi kuuliza nani anamgeuza. Mtoto alikuwa kidato cha nne.

Nayaandika haya kwa ruhusa yake. Ameisoma rasimu yote, akaniomba niondoe jambo moja, nimeliondoa.

Tulikaa pale mpaka mbu wakatufukuza. Kabla ya kuingia ndani akasema, "Naomba uitoe hiyo ya kwangu shangazi. Sijakasirika. Ila naomba."

## Hesabu ya kutoa

Fundi aliitoa klampu ya sita Jumanne. Kazi ya dakika chache. Iko kwenye droo ya kabati, pamoja na ule uzi uliofunga waya wa feni.

Nilidhani limekwisha. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniambia, jioni ileile, baada ya kuitazama skrini na laini zake tano na ile kuu.

"Lakini shangazi, ukijumlisha hizi tano, halafu ukatoa kwenye hii kubwa, si unanipata palepale?"

Ni kweli. Taa, soketi, jikoni, heta, pampu. Toa kwenye jumla, kinachobaki ni chumba cha nje, sekunde kwa sekunde, saa nane na kila kitu. Kumwondoa mtu kwenye kipimo si kufungua klampu tu.

Tukakaa wawili na simu. Tukaiwekea ihifadhi jumla za siku peke yake, tukazima ile michoro ya dakika. Kumbukumbu za nyuma tukazifuta. Kitufe alikibonyeza yeye. Friza nalilinda kwa jumla ya siku, inatosha. Jumla ya laini ya jikoni ikipanda ghafla, najua mpira umeachia.

Usiku siku hizi mara mojamoja naamka saa nane bila simu. Mara nyingine namkuta ngazini, nakaa. Mara nyingine mlango wake umefungwa na feni naisikia kwa masikio, napita.

Jumla ya zile laini tano na laini kuu hazilingani tena. Jana zilipishana kwa uniti 0.4. Kulikuwa na joto.